Mke Anayekimbia Alfajiri, na Barua Nyingine Mbili

*Mstahiki Mshauri,*
*Mke wangu, mama wa watoto wanne, amejiunga na klabu ya mazoezi ya mtaani, na kila Jumamosi alfajiri hufunga raba zake, akavaa suruali ndani ya dera, akatoka mbio hadi Raskazone na kurudi. Wenzangu wa barazani wananiarifu kwamba mbio huharibu kizazi cha mwanamke na kumwondolea haya. Nifanyeje?*
*Mume Mwenye Fadhaa, Tanga*

Bwana Fadhaa, barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kwa huruma na pili kwa miwani, na lililonidhihirikia ni kwamba hofu hiyo si yako peke yako, bali ni urithi wa mabwana wengi waliokutangulia, wenye vyeo vikubwa kuliko wenzako wa barazani na elimu ya tiba iliyo sawasawa na yao. Katika Olimpiki ya Amsterdam, mwaka 1928, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana mbio za mita 800, Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, ikawa rekodi ya dunia. Lakini magazeti, badala ya kuishangilia rekodi, yalijaza habari za wanawake walioanguka hoi, na wakuu wa michezo, kwa rehema ile ile inayowasumbua rafiki zako, wakaziondoa mbio hizo zisirudi hadi Roma mwaka 1960. Miaka 32 ya mapumziko ambayo hakuna aliyeyaomba! Mwanamume naye hulala majanini akimaliza mbio, ila kulala kwake huitwa ushujaa.

Ama kizazi, burhani iko jirani, ng'ambo ya mpaka tu: Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mtoto mwaka 2018, akarudi uwanjani, akatwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Tokyo, na tena ya Paris mwaka 2024. Ikiwa mbio zimeharibu kitu hapo, basi ni usingizi wa wapinzani wake.

Sasa nakusihi ufanye jambo moja dogo. Maji yakikatika, twaa ndoo ya lita 20, uijaze pomoni, ujikunjie kata ya kanga, ujitwishe, kisha utembee nayo kutoka bombani hadi jikoni pasipo kumwaga, huku mkono mmoja umemshika mtoto anayelilia ubuyu. Hizo ni kilo 20, nazo mkeo amezichukua tangu mwaka mliooana, akiwa mzima na akiwa mjamzito, wala sijapata kusikia kwamba baraza lenu lilikaa hata dakika tano kujadili kizazi chake. Mzigo wa nyumba haukupata kuitwa hatari. Ila siku alipobeba mwili wake mwenyewe, kwa furaha yake mwenyewe, waganga wakawa wengi kuliko wagonjwa.

Nami nashuku, uniwie radhi, kwamba ugonjwa wenyewe ni chai ya Jumamosi. Dawa yake ni nyepesi: sufuria iko rafu ya chini, majani yamo katika mkebe ulioandikwa sukari, na tangawizi hupondwa kabla ya kutiwa, si baada.

*Mshauri mpendwa,*
*Natamani kunyanyua vyuma jimu, lakini shangazi yangu anasema nitaota misuli kama mpagazi wa bandarini na nitakosa mchumba.*
*Binti wa Miaka 22, Mombasa*

Binti yangu, laiti misuli ingeota kwa urahisi huo, kaka zako wanaojitazama kiooni mwaka wa tatu huu wangekwisha kuwa majabali. Mwili wa mwanamke aghalabu una uchache wa kile kichocheo kinachowanenepesha misuli wanaume, kwa hiyo utapata nguvu kitambo kabla hujapata umbo la kumtisha mtu. Fauka ya hayo, vyuma huimarisha mifupa, ambayo kwa wanawake hudhoofika upesi hedhi ikisha kukatika. Basi mchukue na shangazi, umwanzishie vyuma vyepesi. Na mchumba anayekimbizwa na mkono wenye nguvu, mwache akimbie; mazoezi ni mazuri kwake pia.

*Ndugu Mshauri,*
*Mimi ni katibu wa klabu ya mpira. Wasichana wa mtaa wanaomba uwanja Jumapili saa kumi, saa ambayo maveterani wetu hunyoosha viungo. Niwakatalie kwa maneno gani ya adabu?*
*Katibu, Morogoro*

Ndugu Katibu, maneno ya adabu yalikwisha kutafutwa na Waingereza. Tarehe 26 Desemba 1920 watazamaji wapatao 53,000 walikwenda Goodison Park, Liverpool, kutazama timu ya wafanyakazi wa kike wa kiwanda, Dick, Kerr Ladies; na kabla mwaka mmoja haujatimia, chama cha soka cha nchi hiyo kikatamka kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, kikavikataza vilabu vyake kuwapa viwanja, na katazo likadumu karibu nusu karne. Umati ule haukuwa ushahidi wa udhaifu wa mtu.

Hapa kwetu Tanzania, Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walifika fainali za wanawake za Afrika nchini Afrika Kusini mwaka 2010, wakati ambapo Taifa Stars wa kiume, ambao hawajapata kukosa uwanja wala saa kumi, walikuwa hawajaonekana katika fainali zao tangu mwaka 1980, nao wakangoja hadi 2019. Nimewahi kuwaona maveterani wa namna yako wakinyoosha viungo: robo saa ya mpira, saa nzima ya soda na kumlaumu mwamuzi. Hayo yote yanawezekana pembeni, chini ya mwembe.

Wape wasichana uwanja saa kumi, na zile nyavu zilizotoboka zishonwe kabla ya Jumapili.