Bakuli Limerudi Tupu

Sijawahi kuvuta sigara, lakini kwa hesabu za aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, tangu nihamie Cheektowaga mapafu yangu yamo hatarini. Mei 2023 daktari huyo, Vivek Murthy, alitoa waraka kwamba kukosa watu wa karibu kunaweza kumfupishia mtu maisha sawa na kuvuta sigara hadi 15 kwa siku. Babu yangu pale Ngamiani, Tanga, alivuta kweli, lakini alivutia barazani, amezungukwa na watu wanaomwomba kipisi. Mimi navuta zangu 15 peke yangu, tena bila kiberiti.

Kwa wasioijua, Cheektowaga imeshikana na Buffalo upande wa mashariki, jimbo la New York. Usisikie New York ukadhani kuna maghorofa. Yale yako mwendo wa saa sita kwa gari. Huku kuna uwanja wa ndege, kuna jumba la maduka liitwalo Walden Galleria, na kuna watu karibu 90,000 ambao nimewaona kwenye vioo vya magari yao. Jirani anarudi kazini, mlango wa banda la gari unapanda wenyewe, gari linaingia, mlango unashuka. Kwishney. Utamwona kesho akitoka, naye ni kisogo tu. Nyumba zina baraza nzuri zenye viti viwiliviwili, na viti hivyo vimekaa vyenyewe.

Wala usiwalaumu watu peke yao, maana mji wenyewe umechorwa hivyo. Desemba 1995, binti wa miaka 17, mweusi, alikuwa akitoka Buffalo kwenda kazini Walden Galleria. Basi lake lilikuwa haliruhusiwi kuingia kwenye eneo la maduka, kwa hiyo likamshusha ng'ambo ya barabara ya Walden, yenye njia saba. Akavuka kwa miguu, akagongwa na lori, na Januari akafariki. Kelele zilipokuwa nyingi, basi likaruhusiwa. Mhariri ananilipa kwa ajili ya vichekesho, kwa hiyo narudi kwenye malalamiko yangu madogo, ila kila ninaposimama ukingoni mwa barabara ya Walden mtu mzima, nina leseni, nina bima, bado nasoma dua.

Nilitoka Columbus, Ohio, ambako shida yangu ilikuwa kupata nafasi ya kukaa peke yangu. Wasomali wamejaa, chai haikauki, na dada yangu yuko palepale. Mkongomani mmoja wa Uvira tuliyepakia naye mizigo kule alihamia Louisville, nikajua tutalia pamoja kwenye simu. Kumbe yeye anastarehe! Muhammad Ali alizaliwa Louisville, na wazee wa huko, wakisikia tu kijana ametoka Kongo, wanamvutia kiti wamsimulie lile pambano la Kinshasa la Oktoba 1974. Kijana alikuwa hajazaliwa, na Kinshasa hajawahi kukanyaga, lakini anaitikia, "Naam, mzee, ilikuwa kelele kubwa," na analetewa soda. Mimi Tanga nimtaje bondia gani mbele ya mtu wa Cheektowaga?

Usiniambie niende Buffalo. Nakwenda. Upande wa Magharibi wa mji Wakongomani wapo, Kiswahili kinasikika, na naweza kununua unga wa muhogo na kupigwa bega na mtu. Ijumaa naswali upande wa Mashariki, ambako makanisa kadhaa ya zamani sasa ni misikiti na Wabangladeshi wamenunua nyumba mitaa kwa mitaa. Watu wema kabisa. Imamu akishatoa salamu tu kila mtu anakimbilia zamu yake, na waliobaki wanacheka kwa Kibengali. Nami nacheka. Sijui tunamcheka nani.

"Shikamoo dada," nikapiga simu Columbus.

"Marahaba, mdogo wangu. Majirani umewapelekea nini?"

Hakuuliza kama nimewasalimia. Ilikuwa Ramadhani, nikakaanga sambusa za nyama, nikajaza bakuli la udongo lenye maua ambalo mama alinifungia safari, nikampelekea mzee wa kushoto. Huyu ni Mpolandi mstaafu mwenye bendera ya Bills, timu ya Buffalo ya mpira wa Kimarekani, kubwa kuliko dirisha. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Siku ya pili nikakuta bakuli mlangoni kwangu likiwa limeoshwa linang'aa, na ndani yake kuna kadi ya asante.

"Kadi na nini?" akauliza dada nilipompigia tena.

"Kadi tu."

"Bakuli limerudi tupu?"

"Tupu, dada."

Simu ikanyamaza mpaka nikadhani imekatika. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Huna kitu, weka ndimu mbili, weka chumvi, weka hata jani la mchaichai. "Masikini," dada akasema mwishowe, "labda hawana kitu ndani." Nikamwambia wana mafriji mawili.

Hapo ndipo nikaanza kuuelewa ugonjwa wa huku. Watu hawa si wachoyo, la hasha; tatizo lao hawataki kudaiwa. Ukimpa kitu, anakulipa papo hapo kwa kadi, na daftari limefungwa. Tanga mama yangu na jirani yake wamedaiana vikombe vya sukari miaka mingi, na hakuna mwenye haraka ya kumaliza, kwa sababu wakimaliza watakuwa na kisingizio gani cha kuingia kwa mwenzie asubuhi na kanga moja kichwani? Huku kila nyumba ina sukari yake, ngazi yake, mashine yake ya kukata majani. Mtu mwenye kila kitu utamgongea mlango ukitaka nini?

Nikiwa kwenye hali hiyo ikaja Jumatatu ya Pasaka. Wapolandi wa huku wanaiita Siku ya Dyngus: maandamano, muziki wa polka, wanaume wanawamwagia wanawake maji, na wanawake wanawachapa wanaume kwa vijiti vyenye vichipukizi laini. Bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu alinichapa miguuni, akacheka, akaenda zake. Ukimwondoa daktari wa meno, ndiye mtu wa kwanza kunigusa Cheektowaga. Nilitaka kumfuata nimwombe anirudie.

Ila huu ndio mji ule ule wa Jay Withey. Tufani ya Krismasi ya mwaka 2022 iliua zaidi ya watu 40 Buffalo na vitongoji vyake, na Withey, fundi wa magari kutoka Kenmore, alikwama na gari lake hapa Cheektowaga. Akagonga nyumba baada ya nyumba akitoa dola 500 alale sakafuni tu. Zikakataa. (Angegonga Ngamiani na dola zake 500, bibi angemtukana kwanza kwa kumletea fedha, halafu angemlisha mpaka aombe msamaha.) Mwisho akavunja dirisha la shule, akaingia, akaokota na wengine waliokwama njiani, wakawa kama 24. Walikula chakula cha jikoni mwa shule, wakasafisha walipokaa, na yeye akaacha barua ya kuomba radhi kwa ajili ya dirisha. Polisi walimtafuta kweli, wakimtafuta wamshukuru. Kwa hiyo kukaa pamoja wanajua. Wanasubiri tu theluji iwalazimishe.

Nayo hailazimishwi kuja. Upepo baridi unavuka Ziwa Erie ambalo bado lina joto la kiangazi, unazoa mvuke, unakuja kuumwaga juu ya paa langu. Novemba 2014 baadhi ya vitongoji vya huku vilifukiwa kwa zaidi ya mita moja na nusu, na mwendo mfupi kaskazini watu walikuwa wanaangalia tu. Novemba yangu haikufika huko, lakini ilinitosha. Nimetoka na koleo la plastiki, natafuta gari langu kwa kubahatisha, mara nasikia muungurumo: mzee wa kushoto na mashine yake ya kuondoa theluji anakuja kwangu. Kabla sijamaliza kupenga kamasi, njia yote imesafishwa.

Nilikuwa na kadi za asante ndani. Sikumpelekea. Sikumpelekea sambusa, wala senti. Nilimwachia deni makusudi, nikawa nampungia mkono kama mdaiwa sugu.

Likafanya kazi. Baada ya theluji nyingine alinigongea, yeye mwenyewe, akauliza kama ninaangalia mpira. Nikasema Coastal Union ya Tanga, bingwa wa Tanzania mwaka 1988, na tangu hapo tunasubiri. Mzee akanitazama kwa huruma ya mtu wa msibani. Bills, akaniambia, kuanzia Januari 1991 walicheza fainali nne, mwaka baada ya mwaka, wakapigwa zote nne, na hawajawahi kulichukua kombe mpaka leo. Tukasimama kwenye baridi tukitajiana vipigo hadi pua ikafa ganzi.

Kuanzia siku hiyo bakuli linazunguka. Linaenda na sambusa, linarudi na pierogi za Kipolandi, ambazo nilizihoji kama afisa uhamiaji mpaka akaleta boksi la viungo nisome mwenyewe: viazi na jibini. Dada ameridhika. Mimi ndiye sina raha tena. Mzee amekataa nimwite mzee, anataka jina lake la kwanza, na mimi siwezi kumtaja mtu wa umri wa baba yangu hivyo, kwa hiyo nikimhitaji nakohoa. Jumapili yangu yote anaichukua kwa mchezo wa saa moja unaochezwa saa tatu na zaidi, na kila wanaposimama, nao husimama kila dakika, ananieleza kwa nini wamesimama. Wiki hii wanacheza na Miami. Nimeambiwa nisichelewe, niongeze pilipili, na mtoto wa mjomba wake naye anakuja, amesikia habari za sambusa.