Heko, Ewe Kioo Kilichofifia

Magonjwa ya laptopu ni mengi, na mengi yake hayana adabu. Diski ikifa huondoka na matokeo ya wanafunzi, picha za harusi na barua ya kuomba uhamisho. Virusi vya kwenye flashi hugeuza mafaili yote kuwa shotikati. Chai ikimwagikia kibodi, herufi A inagoma, na Mswahili asiye na A hana la kusema. Kioo kikizima, hakijamwibia mtu kitu. Feni inavuma, mlio wa kuwaka unasikika, kazi yote iko palepale ulipoiacha. Huoni tu. Lucian wa Samosata, katika karne ya 2, aliona nzi anastahili kusifiwa kwa hotuba nzima. Mimi nasimama na kioo.

Na pa kukisifia ni hapa Sola, mkoani Simiyu. Mjini kioo kikizima kuna kingine mezani. Huku laptopu moja ya stesheneri inaweza kubeba mitihani ya muhula, muhtasari wa kikao cha AMCOS, ushirika wa wakulima wa pamba, na maombi ya mkopo wa chuo ya vijana wa kata. Ikiingia giza, senta nzima ina habari kabla ya saa nne. Watu walionuniana tangu msimu wa pamba uliopita wanajikuta kwenye benchi moja la fundi, salamu za "mwangaluka" zinajibiwa, na kila mmoja ghafla ni mtaalamu. Karani anasema ni virusi. Muuza duka anasema ni umeme ule wa jana, uliokatika ukarudi kwa hasira. Hakosekani wa kuitaja Gamboshi, kile kijiji cha Bariadi kinachosingiziwa kila jambo lisiloeleweka.

Fundi kijana anaanza kwa heshima.

"Shikamoo, mwalimu. Hiki kitufe chenye alama ya jua, kuna mtu kakigusa?"

"Marahaba. Nani akiguse? Labda huyu mjukuu, jana alikuwa anacheza gemu."

Kinabonyezwa, mwanga unarudi, mjukuu anatazama pembeni. Siku nyingine kosa ni la betri: chaji ikishuka, Windows inajipunguzia mwanga yenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini hayo ni mafua tu. Ugonjwa wenyewe hupimwa kwa tochi.

Fundi anaegesha mlango wa kibanda, maana jua la Simiyu halina siri, kisha anaimulikia skrini kwa tochi ya simu, kwa upande, karibu kabisa na uso wake. Ndani ya weusi yanajitokeza mafolda, saa ya pembeni, mshale unaotembea. Yote yamo! Kioo cha LCD hakina mwanga wake chenyewe. Kazi yake ni ya pazia, kuzuia hapa na kupitisha pale. Mwanga unatoka kwenye mstari wa taa ndogo za LED zilizojipanga ukingoni, aghalabu chini, na kusambazwa na plastiki pana iliyo nyuma. Taa hizo zikizima, picha inaendelea kuchorwa bila wa kuiona. Mashine za zamani, za kabla ya mwaka 2010 hivi, zilikuwa na mrija mwembamba wa kioo wenye zebaki, ukiendeshwa na inveta yenye volti mamia. Mrija huo ulizeeka kwa madaha, ukigeuka rangi ya waridi kwanza, na inveta yake ilimtia adabu fundi mwenye vidole vya haraka.

Tochi isipoonyesha kitu, inachomekwa monita au runinga. Picha ikitokea huko, mazabodi imepona kesi kubwa, na macho yote yanarudi kwenye waya unaopita bawabani. Waya huu nauheshimu. Kila unapofungua na kufunga, unakunjwa. Vumbi letu linasaidia. Mwisho unachanika nyuzi moja moja. Hapo kioo kinawaka ukikilaza na kuzima ukikinyanyua. Nani mwingine angemfanya bosi afanye kazi kichwa kimeinama, akichungulia chini ya kioo kilichofungwa nusu? Na hakibagui matajiri: MacBook Pro za mwaka 2016 zilitoka na waya mfupi mno mahali hapohapo, hadi Apple ikatangaza mwezi Mei 2019 kuzitengeneza bure zile za inchi 13. Waya wa toleo la 2018 ulikuwa umeongezwa milimita mbili. Milimita mbili!

Kuna pia sumaku. Laptopu nyingi hujua zimefungwa kwa kuhisi sumaku, kwa hiyo simu yenye kava la sumaku ikilazwa kando ya kibodi, mashine inaamini imefunikwa na kulala. Nidhamu ya namna hiyo mtumishi gani anayo?

Na kioo humpima fundi mwenyewe. Anayechomoa waya wake bila kutoa betri kwanza anaweza kuchoma fyuzi iliyo ndogo kuliko punje ya mtama, na kazi ya dakika chache ikageuka ya mita na hadubini.

Wakati huo shule haisimami. Mwalimu anarudi ubaoni, na chaki zinatengenezwa hapahapa mkoani, kiwandani Maswa. Giza la kioo ni soko la kiwanda. Ni siri ya mshahara pia, kwani hakuna wa kukusomea begani. Lakini fadhila yake kuu iko ofisini: "Taarifa iko tayari, mkuu, ni kioo tu." Nani atabisha?

Kioo kipya huagizwa Mwanza kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kile cha zamani, na mwagizaji ahakikishe kama ni cha pini 30 au 40, la sivyo basi litarudi nacho. Kinafika kimefungwa kwenye boksi, kinapachikwa, kinawaka vizuri mno. Mkuu mwenyewe kasimama nyuma. Taarifa iko wazi mbele yake: kichwa cha habari, tarehe ya mwezi juzi, na kishale kinachopepesa kwenye mstari wa kwanza.