Propela Ghorofa ya Tatu

Propela ilifika Kariakoo juu ya kirikuu, imefungwa kamba za katani na kufunikwa blanketi letu la wageni. Urefu wake ni karibu mita 2. Ngazi zetu nyembamba, na kila kona Baba Salma aliwapigia makuli kelele: "Taratibu, jamani! Msimgongeshe!" Jirani wa ghorofa ya pili alitoka akanipa pole, akidhani tunapandisha mgonjwa. Huko Msimbazi kwenye foleni, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshauliza inauzwa kilo shilingi ngapi, na mume wangu alifika nyumbani bado amenuna.

Baba Salma ni rubani. Amerusha Cessna 172, injini moja, viti vinne, ndege isiyo na ajabu yoyote: tangu 1956 zimetengenezwa zaidi ya 44,000. Kwake ipo moja tu, naye humwita kwa herufi mbili za mwisho za usajili, Kilo Papa. Mama mkwe, aliyetujia kutoka Mafia, alimsikia kwenye simu akiuliza Kilo Papa ameamkaje. Jioni akarudi kutoka sokoni na kilo ya papa mkavu. Tulimla kwa nazi.

Nimewahi kumwona kazini asubuhi, kule uwanjani Kipawa. Humzunguka Kilo Papa polepole, akipapasa kingo za mabawa. Hukinga petroli kidogo kwenye kichupa kutoka chini ya bawa, ina rangi ya buluu, akaiinua juani kutazama kama ina maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini, na yakifika kwenye injini ukiwa juu ya bahari hakuna pembeni pa kuegesha. Mtu huyohuyo, gesi ya jikoni ikiisha, huarifiwa na njaa.

Kilichoiponza propela ni changarawe za viwanja vya porini. Zikirushwa zinadonoa kingo zake, na mdonoo mdogo unaweza kuzaa ufa, kwa hiyo fundi huusawazisha kwa tupa. Kila tupa ikipita, chuma kinapungua, mpaka siku kipimo kinakataa. Kilo Papa akafungwa propela mpya, ya zamani ikaletwa kwangu.

"Mwanangu," mama mkwe akauliza, "dude hili litakaa wapi?"

Baba Salma akataka kumshinda mama yake kwa historia. Akamsimulia Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani walioruka kutoka Frankfurt hadi Serengeti kuhesabu wanyama, na Dornier yao iliyopakwa milia kama pundamilia. Walivyoipenda ndege ile! Mama mkwe akauliza iko wapi sasa. Ikabidi aseme: tarehe 10 Januari 1959 iligongana na tai, Michael akafa, kaburi lake liko Ngorongoro.

"Kumbe ilimuua," akasema mama mkwe. Historia ikaishia hapo.

Ndipo Baba Salma akatoa jambo ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia. Siku moja, njia ya Mafia, wingu lilimfunga mbele na nyuma, mvua ikapiga kioo asione kitu. "Nilikuwa nasikiliza injini tu, mama. Hakukohoa hata mara moja." Mama mkwe akanyamaza. Mimi nikajaribu kukumbuka siku hiyo nilikuwa nafanya nini. Pengine nilimfokea kwa kuchelewa. Nikasema itundikwe sebuleni.

Sasa mtu huyu, ambaye hapandi ndege bila kukagua hadi skrubu ya mwisho, ukuta wa nyumba yake aliugonga kwa ngumi, akasema upo sawa. Fundi akaingiza drili. Ndani ya ukuta mlikuwa na bomba, na siku hiyo, baada ya mgao mrefu, maji yalikuwa yameamua kutoka kwa nguvu zote. Fundi alilowa, kochi likalowa, mama mkwe akapanda juu ya meza na mkoba wake. Baba Salma akapiga kelele: "Propela imelowa?" Ndege inayopita kwenye mvua ya masika! Nilimtazama tu.

Maji yakashuka hadi stoo ya mfanyabiashara wa vitenge. Alipanda ngazi taratibu, akabisha hodi. "Shemeji, samahani. Mvua imeanza lini humu ndani?"

Tulilipia majora manne, yote ya ua moja la rangi ya chungwa. Nimeshona mimi, mama mkwe, Salma, na mapazia. Propela imelazwa nyuma ya kochi, hairuhusiwi kugusa ukuta.

Juzi Baba Salma amerudi mpole, kanunua hadi gesi. Nikajua kuna jambo. "Mama Salma," akaanza, "Kilo Papa anabadilishiwa kiti cha rubani. Cha zamani watakitupa."

Nikamuuliza kina upana gani.