Shukrani kwa Fidia ya Nyangumi

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wabunge,
Bunge la Taifa, Nairobi.

KUH: NGE KUACHWA NJE YA JEDWALI LA TATU

Waheshimiwa,



Pokeeni shukrani zetu kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Mliahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya anayeuawa na mnyama, mkawaorodhesha wahusika wa wakati huo kwenye Jedwali la Tatu: ndovu, simba, kiboko, nyoka wenye sumu, papa na hata nyangumi. Kwa orodha hiyo tulilala fofofo. Nyangumi angepanda Mto Isiukhu hapa Kakamega kutudhuru, Serikali ilikuwa imejipanga.

Nge hamo. Si kwamba hastahili: Sheria hiyo hiyo inahesabu hata vijidudu visivyoonekana kwa macho kuwa wanyamapori. Kosa lake labda ni kwamba hana pembe, wala hakuna mtalii anayelipa kiingilio ili amwone.

Kweli, huku kwetu kwenye mvua na msitu tunamhofia nyoka zaidi. Lakini watoto wa sehemu kame ni wetu pia, na huko ndiko aliko nge yule mwenye mkia mnene na magando membamba, ambaye ndiye wa kuogopwa. Sumu inayomliza mtu mzima usiku kucha, ikiingia kwenye mwili wa kilo kumi na mbili humtoa mtoto jasho na mate, ikamtetemesha misuli na kumbana pumzi. Watafiti wamekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 1.2 huumwa na nge duniani kila mwaka na zaidi ya 3,000 hufa, hasa watoto. Mexico ilipunguza vifo vyake kwa kufikisha dawa ya kudhibiti sumu vijijini. Haikungoja nge aote pembe.

Wala msiseme haonekani. Mmulikeni gizani kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, atang'aa kijani. Kifaa cha kulinda pesa kinamwona. Cha kulinda mtoto ndicho bado kinatafutwa. Kwa sasa tiba ni wembe, kamba na jiwe jeusi, na hakuna hata kimoja kinachotoa sumu.

Hizo milioni 5 bakini nazo. Mtoto akiwahiwa, fidia ya nini? Tunaomba dawa hiyo ifike kwenye vituo vya afya vya kaunti kame. Walimu wafundishwe kuwakumbusha watoto kukung'uta viatu asubuhi, na kumkimbiza aliyeumwa hospitalini bila kumchanja chale. Na kila aliyeumwa na nge aandikwe hivyo hivyo, si "mdudu", maana asiyeandikwa hatengewi bajeti.

Na kama gharama ya kuongeza neno la herufi tatu kwenye Jedwali itaelemea Hazina, semeni tu. Tutaitisha harambee ya wino.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa mtaa wa Amalemba, Kakamega