Mheshimiwa Mfumo, Njoo Ujifunze Kazi kwa Kemisti

Ploti ya pili nyuma ya soko,
Kayole, Nairobi.

Kwa Mheshimiwa Mfumo,
Popote ulipo.

MINT: OMBI LA KUJA KUJIFUNZA KAZI KWA KEMISTI

Mheshimiwa,

Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu nimechoka kupewa salamu zako. Kila nikifika kwenye dirisha la dawa naambiwa Mfumo umekataa, Mfumo unazunguka, ngojea Mfumo. Waziri tunamwona kwenye runinga, gavana tunamwona msimu wa kura. Wewe huonekani kamwe, na neno la mwisho ni lako. Natumai u mzima. Leo asubuhi walisema uko chini.

Kwanza pongezi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF, bima ya afya ya taifa iliyozaliwa mwaka 1966, ilipozikwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikarithi boma, tunaambiwa kwamba katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, serikali ndiyo inayolipa. Sibishi. Kumwona daktari ni bure. Kuandikiwa dawa ni bure. Hata karatasi ya kuandikiwa ni bure, mradi uje na daftari lako. Kinacholipiwa ni kile kinachomezwa tu.

Wiki iliyopita nilimsindikiza shosho wa ploti yetu kuchukua dawa za presha katika kituo ambacho sitakitaja, maana wahudumu wake wanakungojea kama sisi. Shosho amekata sukuma wiki kwa miaka thelathini, na alama za vidole zimekwenda na sukuma. Akaweka kidole gumba, ukamkana. Akaweka cha shahada, ukamkana. Akajipaka mafuta, akapangusa kwa leso, ukamkana mara ya tatu, ila jogoo hakuwika kwa kuwa ilishafika saa sita mchana. Saa nane ukamtambua. Kule dirishani karatasi ikapitiwa kwa kalamu nyekundu: O/S mbele ya dawa ya kwanza, O/S mbele ya pili. Akapewa panadol. Tukiwa njiani akaniuliza hiyo O/S ni dawa gani, mbona anaandikiwa kila mwezi na hajawahi kuionja.

Nilimwambia ni dawa iliyokwisha. Sikuwa na moyo wa kumweleza iliishia wapi, kwa sababu ni hadithi ndefu. Kituo kikishatibu hukutumia wewe madai, nawe huyachungulia kwa wakati wako. Pesa zikikawia, kituo hakina cha kuagizia dawa. KEMSA nayo, yenye bohari ya dawa ya serikali, inazidai kaunti mabilioni. Kila ofisi inaidai nyingine, na shosho, asiyedaiwa na mtu, ndiye anayelipa taslimu.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliyotoka mwaka 2025 ilikutaja kwa bei: shilingi bilioni 104.8. Ikaongeza kwamba serikali inayokulipia si mmiliki wako. Hapo, Mheshimiwa, nilikuonea huruma. Kumbe nawe ni mpangaji.

Sasa nije kwenye ombi langu. Nje ya lango la kituo kile, hatua chache tu, kuna kemisti. Dirisha lina wavu wa chuma, kikombe cha maji kimefungwa kwa kamba. Si malaika. Cheti kilichotundikwa ukutani ni cha mtu ambaye hatujawahi kumwona, na yuko radhi kukuuzia nusu dozi ya amoksilini kwa mafua yasiyoihitaji. Lakini hajawahi kuwa chini, na anajua kupima uwezo wa mtu kuliko wewe.

Wewe, ili ujue mtu asiye na payslip achangie kiasi gani, unamuuliza paa lake ni la nini, ukuta ni wa nini, choo ni cha aina gani, ana mifugo mingapi. Shosho alitaja kuku wake wa kwenye baraza, na tangu hapo ana hofu huenda kuku huyo ndiye aliyempandishia mchango. Ukimaliza kuhesabu unatoa kiwango, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, halafu unataka cha mwaka mzima kwa mpigo. Mwaka mzima! Kwa watu wanaonunua mafuta ya kupikia kwa kipimo, sukari kwa vijiko, na umeme wa shilingi hamsini. Mlipotahamaki, mwaka 2025 mkatuletea Lipa SHA Pole Pole, yaani mkopo wa kutuwezesha kukulipa wewe.

Kemisti huuliza swali moja: "Uko na ngapi?"

Shosho alikuwa na mia moja. Kemisti akachukua makasi, akakata vidonge vya siku sita kutoka kwenye kadi, akavifunga kwa kipande cha gazeti, akamwambia arudi Jumatatu. Sikufurahi. Presha haisomi kalenda ya mama mboga, na vidonge vya siku sita kwa ugonjwa wa maisha ni kama kuziba paa kwa kanga. Ila alitoka na kitu mkononi, na shughuli yote haikumaliza dakika mbili.

Kwa hiyo naomba uje ukae naye mwezi mmoja. Si lazima akufundishe kuuza. Akufundishe kuona mtu aliyesimama mbele yako. Mjini panda matatu ya Kayole, ushuke Junction, uulize kemisti wa langoni. Njoo na stuli yako, na uje na pesa ndogondogo, hana chenji. Hufungua alfajiri. Ukifika utaulizwa swali lile lile moja. Tafadhali usianze kuzunguka.

Mimi,
Mpangaji mwenzako.