Nyumba Ni Yako, Mlango Ni Wangu

Jumapili iliyopita mchungaji alikuja kutuombea nyumba, akakosa pa kupigia hodi. Alifika na wazee wa kanisa na akina mama wa kwaya, akanyoosha mkono kugonga, mkono ukapita hewani. Mahali pa mlango wa mbele palikuwa na shuka la maua lililoning'inia kwenye misumari miwili. Akafikiri kidogo, akaamua kugonga ukuta. Plasta ikabanduka ikamwangukia kwenye kiatu.

"Karibuni," nikaitika kutoka ndani, na kwa kuwa hapakuwa na cha kufungua, nikalitupia shuka begani wageni wapite. Ibada ilikwenda vizuri. Mchungaji akauombea msingi, akaziombea kuta, akaliombea paa. Alipofika kwenye mlango akanyamaza, akakohoa, kisha akasema, "Na hapa, Bwana, wewe mwenyewe unaona," akahamia madirishani. Mama mmoja wa sauti ya pili akacheka kwa pua. Mke wangu hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mninga, mzito, uliopigwa vanishi ukang'aa. Ndio uliotuuzia nyumba. Kuta ni za tofali za kuchoma kama nyumba nyingi hapa Igamba, bati limeanza kutu upande wa magharibi, jikoni panavuja. Lakini siku ya kukagua, mzee mwenye nyumba aliufungua na kuufunga mlango ule mara kadhaa ili tusikie unavyoitika. Hakusema neno. Aliufunga tu, akatutazama, akaufungua tena. Mke wangu akanifinya mkono, nami nikaelewa kwamba tumeshanunua.

Siku ya makabidhiano mzee alinipa funguo kwa mikono miwili, mbele ya mashahidi, wakapiga makofi. Ninazo mpaka leo. Tulipofika na mizigo tukakuta uwazi. Hakuondoa mlango peke yake, aliondoa na fremu. Fundi wake alikuwa amepita na tindo pembeni kote, taratibu, na tofali zilizokuwa zimeshika fremu zilibaki na meno. Chini aliacha bawaba moja iliyopinda. Nadhani hakuihitaji.

Nikaenda kumwona kwenye nyumba yake mpya, upande wa barabara ya Mlowo. Mlango wangu ulikuwa umeshasimikwa. Saruji ilikuwa bado mbichi, wameizungushia magunia yaliyoloweshwa maji. Na kwa kuwa mtu mwenye adabu haingii kwa watu bila hodi, nikapiga hodi kwa kuugonga mlango wangu mwenyewe. Ukaitika vilevile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeuonaje?"

Hapa lazima niseme jambo juu ya shikamoo. Ugomvi wowote na mtu aliyekuzidi umri huanza kwa shikamoo, na ukishapokea marahaba, nusu ya hasira imeshalipwa. Nusu iliyobaki huchukuliwa na chai. Mimi niliyetoka nyumbani nimepanga maneno makali tangu alfajiri, nilijikuta nimeshika kikombe, naulizia magoti ya mama.

"Mzee, nimekuja kwa habari ya mlango."

"Ndiyo."

"Mlango nilinunua."

"Hapana, mwanangu. Ulinunua nyumba. Kilichoshikwa na saruji ni chako, kilichoshikwa na skrubu ni changu. Ndivyo ilivyo siku zote."

"Fremu ilikuwa kwenye saruji."

Mzee akaweka kikombe chini, akanitazama kwa huruma kabisa. "Fremu imeufuata mlango. Wewe ungeweza kumtenganisha mke na mumewe?"

Sikulala usiku ule, kwa baridi na kwa hasira, na ndipo nilipoanza kusoma sheria. Nakiri imenikolea. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, haisemi kwamba ardhi ni udongo tu. Ndani ya ardhi imo ile iliyo chini ya uso, isipokuwa madini na mafuta, imo mimea inayoota kwa asili, na yamo majengo na vitu vingine vilivyojengwa vikashikamanishwa nayo vya kudumu. Basi swali lote ni hili: kushikamana kwa kudumu ni kushikamana kwa namna gani? Saruji? Msumari? Skrubu nane na bawaba tatu?

Jibu limetoka mbali. Sheria zetu zinatambua kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na miongoni mwa kanuni hizo imo hukumu ya mwaka 1872 kuhusu kiwanda cha nguo mjini Halifax. Mwenye kiwanda aliweka jengo rehani, akafilisika, watu wakaanza kugombea mashine za kufumia. Mashine zilikuwa zimepigiliwa misumari kwenye vipande vya mbao vilivyochomekwa katika sakafu ya mawe. Zingeweza kung'olewa bila taabu kubwa. Jaji Blackburn akasema tuangalie mambo mawili: kitu kimeshikwa kwa kiasi gani, na kimeshikwa kwa nia gani. Akatoa mfano ambao fundi yeyote wa Igamba ataupenda. Mawe yaliyorundikwa uani kwa fundi ni bidhaa tu, hata yawe mengi namna gani. Chukua mawe yaleyale, yapange yawe ukuta bila hata chembe ya udongo, na sasa ni sehemu ya shamba. Mashine zikahesabiwa kuwa sehemu ya jengo, misumari yake yote.

Kwa hiyo mzee wangu, ambaye hajawahi kufika Halifax, alikuwa ameishika nusu ya kwanza ya hukumu barabara. Nusu ya pili, ile ya nia, ndiyo aliyoiacha. Hakuna mtu anayetundika mlango wa mninga ukutani kwa nia ya kuutazama kidogo kisha auondoe.

Nilipofika hapo nikashindwa kuacha. Wilaya yetu ya Mbozi ina kimondo pale Ndolezi, kinachokadiriwa kuwa na tani 16, chenye urefu wa karibu mita 3. Kimondo hicho ni cha nani kwa kanuni ya mzee? Hakina skrubu wala msumari, kimelala kwa uzito wake tu. Lakini walipochimba kukizunguka waliacha nguzo ya udongo chini yake, na nguzo hiyo ikaja kuimarishwa kwa zege. Zege! Mzee mwenyewe angekubali kwamba hapo hana haki ya kukigusa. Na tusidhani ni mzaha. Mwezi Mei 1890 kimondo kidogo kilidondoka kwenye shamba la bwana Goddard katika jimbo la Iowa, Marekani. Mtu mwingine akakichimbua, akamuuzia bwana Winchell kwa dola 105. Kesi ikafika mahakama ya juu ya jimbo, na mwaka 1892 ikaamuliwa kwamba jiwe lililotoka mbinguni likazama ardhini ni mali ya mwenye ardhi. Kitu kilichodondoka bila kualikwa kilihesabiwa kuwa sehemu ya shamba, na mlango wangu uliochongwa kwa vipimo vya ukuta ule eti ni mgeni.

Kanuni ya Adhabu nayo ina kifungu kitamu. Kitu kilichoshikamana huwa cha kuibika pale tu kinapoweza kubebeka, hata kama aliyekibandua amekibandua ili akiibe. Nilimsomea mke wangu kifungu hicho saa tano za usiku, shuka likipepea mlangoni. Akaniuliza kama kifungu kinazuia mbu.

Alhamisi mzee akarudi, safari hii na vikapu, mabinti zake, na wajukuu. Nyuma ya nyumba kuna mibuni, na Juni hii imewiva vizuri, nyekundu mpaka chini. Wakaanza kuchuma huku wanaimba. Nikatoka nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mti ni wako, sikatai. Lakini kahawa hii ilitoa maua nikiwa mimi hapa. Nani aliitia samadi?"

Nilipochukua kikapu nami nichume, mjukuu mmoja akapiga kelele, "Babu, anatuibia!" Watu wakasimama njiani. Nimeitwa mwizi nikiwa na kandambili zangu, nyuma ya chumba changu cha kulala. Na kusema kweli sheria haikunisaidia upesi, kwa sababu inataja vitu vinavyoota kwa asili, na mbuni uliochimbiwa shimo, ukatiwa samadi na kupogolewa kila mwaka, mtu anaweza kusimama akasema haukujiotea. Tena mzee angekuwa Pemba angepata wa kumuunga mkono, maana huko si ajabu ardhi ikawa ya huyu na mkarafuu ulio juu yake ukawa wa yule. Tuligawana vikapu. Alichukua vingi.

Mengine nitayataja tu. Simtanki liliondoka, likaacha jukwaa lake la tofali. Balbu zote ziliondoka na holda zake. Koki ya bafuni iliondoka, na bomba likazibwa kwa gunzi. Mita ya LUKU ilibaki, pamoja na deni. Kitu kimoja tu kisichoshikwa na saruji wala skrubu hakuhama nacho: mbwa wake, ambaye hanitambui, na kila jioni hunizuia kuingia ndani.

Na juzi mzee alimtuma mjukuu wake, yuleyule wa kelele, aje kuniomba zile funguo nilizopewa kwa makofi. Kasema kwake zimebaki seti moja tu.

Mpaka hapo naweza kucheka. Nisichoweza kukicheka ni karatasi. Hati yetu ya mauziano ni ukurasa mmoja. Imeandika majina, imeandika mipaka, kaskazini kwa nani na kusini kwa nani, imetaja hata mkuyu wa pembeni. Bei imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, isije ikakosewa. Mashahidi wametia saini kwamba wameziona fedha zikihesabiwa. Hakuna aliyetia saini kwamba ameuona mlango. Fedha yangu ililindwa na jozi ngapi za macho isipotee njiani kwenda kwa muuzaji, na nilichonunua hakikulindwa na jicho hata moja. Dalali alichukua chake siku hiyohiyo. Nilipompigia simu kuhusu mlango akaniambia, "Bosi, mimi nilikuonyesha kiwanja."

Ukitaka kulalamika, kwanza ujue unalalamikia nini. Kama mlango ni sehemu ya nyumba, huu ni mgogoro wa ardhi. Utaanzia baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kuamua, na likishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama mlango ni kitu cha kubebeka tu, hayo yote si mahali pake, nenda Mahakama ya Mwanzo. Yaani kabla hujajua mlango wa ofisi gani uugonge, inabidi uwe umeshaamua lile swali unalokwenda kuuliza. Nauli, siku za kazi na picha za kuchapisha vitamaliza thamani ya mlango kabla shauri halijaitwa. Muuzaji anayajua hayo. Dalali anayajua zaidi.

Mimi nitanunua mlango mwingine, wa mbao nyepesi, basi. Lakini yuko mjane anayenunua vyumba viwili kwa fedha ya mafao ya marehemu, akapewa karatasi kama yangu, na akifika anakuta hakuna dirisha, hakuna choo cha kukalia, na paa limebaki nusu. Yeye hana fedha ya mlango wa pili, na atakayemweleza habari za Halifax hayupo. Huo ni wizi unaofanyika mchana mbele ya mashahidi, na sisi tumeuzoea tukauita utani wa wauza nyumba.

Kwa hiyo wewe unayetafuta nyumba, iwe Igamba, Vwawa au Tunduma, usitoe fedha kabla hujazunguka na daftari, muuzaji akiwa pembeni yako. Andika mlango, fremu yake, kitasa chake na idadi ya funguo. Andika nondo na vioo vya madirisha, koki, sinki, tanki, holda, paneli ya sola na waya zake. Andika mibuni, na uandike kahawa iliyo juu ya mibuni. Andika namba ya mita na usome deni lake. Muulize anahama na mbwa au anamwacha. Mashahidi watie saini chini ya orodha hiyo, si chini ya bei peke yake, na sehemu ya fedha ibaki mfukoni mwako mpaka siku utakayoingia ukakuta kila kitu mahali pake. Muuzaji akikasirika kwa kuombwa orodha, ujue ameshaagiza fundi.