Namna ya Kufukuza Ubuntu Ukabaki na Kioo Cheusi

Kazi hii inamfaa mtu asiyependa kusoma maelekezo. Washa Windows, ingia kwenye ukurasa ulioandikwa « Gestion des disques », tafuta zile sehemu za diski ambazo Windows yenyewe haiwezi kuzifungua, uzifute. Usimuulize mtu. Usihamishe faili hata moja. Ukiulizwa kama una hakika, bofya « Oui » kwa kishindo cha mtu aliyechoka kukutana na menyu ya zambarau kila asubuhi. Nafasi imerudi, mashine bado inaenda vizuri, hata muziki haukukatika. Izime ukale.

Sababu za kuifukuza sizihoji. Kwenye vibanda vya kuchapa na fotokopi vya Kasongo, huku Maniema, Ubuntu iliingia kwa heshima zote. Flashi za wateja zilikuwa zinaleta virusi vinavyoficha mafaili na kuacha vinjia vya mkato visivyofika popote. Kijana mmoja aliyesoma Bukavu akasema dawa ni Linux ya aina ya Ubuntu, akaisimika ubavuni mwa Windows, na virusi vikakosa pa kushika. Kisha mwanafunzi akaleta TFC yake, ile kazi ya kuhitimu, iliyoandikwa kwa Word, siku mbili kabla ya kuitetea. Ilipofunguliwa upande wa pili, majedwali yakateremka kurasa, namba za sura zikapoteana, na printa ikajifanya haimjui mtu. Mteja anayelipa hana habari na uhuru wa programu. Basi iondoke.

Kesho yake unabonyeza kitufe. Hakuna menyu ya zambarau, hakuna Windows. Kuna kioo cheusi na maneno haya:

error: no such partition.
grub rescue>

Hapo ndipo mwongozo unapoanza kuwa na faida.

Kwanza watakuja washauri, hawaitwi, wananusa. Wa kwanza atasema diski imekufa. Wa pili atasema ni ile betri ndogo ya ndani, na kuna siku atakuja kupatia. Wa tatu ndiye wa hatari: ana flashi shingoni na neno moja mdomoni, kuformati. Mashine ikiwa nzito, kuformati. Printa ikikwama, kuformati. Ukimwachia nusu saa atakurudishia Windows mpya inayong'aa, na zimekwenda TFC za watu, vyeti vya kuzaliwa, barua za chifu na picha za harusi ambazo bibi harusi bado hajazilipia. Mpe kiti, mpe maji, mnyime kibodi.

Maana hakuna kilichokufa. Kwenye mashine za zamani, kompyuta ikiamka inasoma kipande kimoja tu mwanzoni mwa diski, baiti 512. Katika hizo, 446 ni maelekezo ya pa kuelekea, 64 ni orodha ya sehemu za diski, mbili za mwisho ni alama. Ubuntu ilipoingia iliweka maelekezo yake pale mbele: programu inayoitwa GRUB, ya mradi wa GNU, ambayo Erich Boleyn aliianza mwaka 1995. Yenyewe ndiyo ilikuwa inakuuliza kila asubuhi, Ubuntu au Windows? Lakini GRUB haienei kwenye baiti 446. Kichwa kilikaa mlangoni, na sehemu kubwa ya mwili ikakaa ndani ya ile sehemu ya Linux uliyoifuta kabla ya kwenda kula. Windows yako iko palepale na mafaili yake yote. Aliyebaki mlangoni hana tena mahali pa kusoma njia ya kukupeleka.

Mtu wa Kasongo asishangae sana. Mnamo Aprili 1893 Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, aliuteka mji huu kutoka kwa Sefu, mwana wa mfanyabiashara Mswahili Tippu Tip, na mpaka leo ofisa anayetumwa kutoka Kinshasa hawezi kununua hata muhogo hapa bila Kiswahili, lugha ya wale waliofukuzwa.

Turudi kwenye kioo. Shauri linalozunguka kila mahali ni kuandika amri pale pale: set prefix, halafu insmod normal. Ni shauri zuri kwa mtu ambaye Linux yake bado ipo. Wewe umeifuta, kwa hiyo hata ukiandika bila kosa utajibiwa tu kwamba kitu hakipo. Lakini najua utajaribu, kwa hiyo ujue pia kibodi yako itakufanya nini. Mashine zetu nyingi zina kibodi ya Kifaransa, ile inayoanza na A na Z, na GRUB ikiwa katika hali hii inaiona kama ya Kimarekani. Bonyeza M, utapata nukta na mkato. M yenyewe imehamia kwenye kitufe cha mkato. A iko kwenye Q. Mabano yako juu ya 9 na 0, mkwaju uko kwenye alama ya mshangao. Neno normal peke yake litakutoa jasho, na washauri wote watatu watakuwa wanasoma kwa sauti herufi unazozikosea. Andika ls tu, maana L na S hazikuhama. Utaona diski inaorodheshwa, hd0 na sehemu zake. Moyo ukitulia, zima.

Sasa angalia umri wa mashine. Kama si ya zamani sana, tuseme ilikuja na Windows 8 au 10 tangu kiwandani, huenda tiba ni ya bure kabisa, haili mega hata moja. Washa huku ukibonyezabonyeza F12 kama ni Dell au Lenovo. Kama ni HP, Esc kisha F9. Itatokea orodha yenye jina la ubuntu, marehemu akiwa bado anaongoza msafara, na chini yake Windows Boot Manager. Chagua hiyo ya pili. Windows ikifunguka, usianze kushangilia na kuita watu: zima, ingia kwenye mipangilio ya mashine, F10 kwa HP au F2 kwa Dell, uipandishe Windows iwe ya kwanza. Jina la ubuntu linaweza kubaki kwenye orodha miaka na miaka. Liache, halili chakula. Jambo moja tu la kuogopa: kama mashine ni ya mtumba kutoka Ulaya na diski yake imefungwa kwa BitLocker, ukigusagusa mipangilio hiyo inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo pengine uko kwenye akaunti ya Mbelgiji aliyekwisha kusahau kwamba aliwahi kuwa na kompyuta.

Mashine ya zamani inataka flashi yenye Windows ya kusimika. Kuipakua ni zaidi ya GB 5. Hesabu mega zake, hesabu na mafuta ya jenereta, halafu hesabu mara ambazo mtandao utakatika ukiwa umefika asilimia tisini na kitu. Au tazama ndani ya kibanda chako. Mwenye flashi hiyo amekaa kwenye kiti ulichompa, anakunywa maji yako.

Hapa adabu inahitajika. Mwite kama kaka mkubwa: « Yaya, nisaidie flashi yako, kuformati tutazungumza baadaye. » Iwashe mashine kwa hiyo flashi, na ukiulizwa lugha na kibodi chagua Kifaransa, safari hii herufi zitakaa mahali pake. Ukurasa unaofuata una kitufe kikubwa katikati, « Installer maintenant ». Mkono wa yaya utakwenda hapo wenyewe, kwa mazoea. Uzuie. Pembeni chini, kwa herufi ndogo kama za mkataba, kumeandikwa « Réparer l'ordinateur ». Pita hapo, kisha « Dépannage », kisha « Invite de commandes », na uandike:

bootrec /fixmbr

Amri hii inabadilisha yale maelekezo ya mlangoni tu. Orodha ya sehemu za diski haiigusi. Inamalizika kabla jenereta haijakohoa. Chomoa flashi, washa upya, na Windows itakuja moja kwa moja bila kumuuliza mtu. Kwa atakayefuata njia hii kesho: aanze na hatua hii ya mlango, au ile ya kupandisha Windows, ndipo afute Linux. Lakini hapo washauri watakosa kazi.

Yaya atadai chochote. Mlipe. Ni nafuu kuliko ambavyo angekugharimu bila malipo.

Bado kuna suala la saa. Maniema iko saa mbili mbele ya Greenwich, na Ubuntu ina desturi ya kuandika saa ya Greenwich kwenye saa ya ndani ya mashine, wakati Windows inaisoma ile ile kana kwamba ni ya hapa. Kwa hiyo mteja aliyekuja saa nne asubuhi atapewa risiti ya saa mbili, na mshauri wa pili atarudi mbio na habari zake za betri. Bofya saa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, « Ajuster la date et l'heure », uirekebishe kwa mkono. Kesho asubuhi iangalie tena kabla hujafungua mlango: ikiwa imeshika, mwambie hapana, ikiwa imerudi nyuma miaka, mwagize hiyo betri.